Kampuni za katuni za watoto kutoa filamu za wakubwa: mzazi ashike alama ipi?

#1 MawePacha
Habari za jioni wakuu.

Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka 9, mdogo 6. Jumamosi nilipita kwenye kibanda cha muvi nikampa kijana flashi anijazie katuni. Muvi moja jero, nikachukua kumi kwa buku nne kwa kuwa ni mteja. Nimefika nyumbani hapa Nyakato, nimechomeka flashi kwenye TV, watoto wamekaa mkekani, mimi nikaingia jikoni kugeuza sato. Nasikia wanacheka. Mara kimya. Kimya cha watoto wawili mbele ya TV kila mama anakijua. Natoka na mwiko mkononi nakuta soseji na mikate, vya kuchorwa, vina macho na mikono, vinafanyiana mambo nisiyoweza kuyaandika hapa. Mdogo akaniuliza, "Mama, ile soseji inaumwa?"

Nilizima. Usiku nikamsimulia baba yao, akasema hiyo si ajabu, hata Disney wenye ile ngome na nyota siku hizi wanatoa filamu za damu na matusi. Sikuamini. Mimi nikiona ngome ile huwa naondoka sebuleni bila wasiwasi wowote. Kumbe nilikuwa nategemea nini miaka yote hii?

Swali langu: kampuni iliyopata jina kwa watoto wetu inatoaje filamu za wakubwa? Ni tamaa ya hela au kuna lingine? Na sisi wazazi tushike alama ipi?

#2 dagaa_mchele
Nimewahi siti ya dirishani. Wajuzi waje.

#3 Fundi Flashi
Pole sana dada. Kwa maelezo yako hiyo ni Sausage Party, ilitoka 2016. Siyo ya Disney, ni ya Sony chini ya jina la Columbia. Kule Marekani ilipewa alama ya R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii sinema mpaka awe na mzazi au mlezi. Kwa hiyo waliotengeneza hawakumficha mtu.

Nina kibanda Igoma, huu mwaka wa saba, acha nikueleze inavyokuwa kwetu. Faili linakuja na jina refu na kapicha kadogo kama ukucha. Kijana anaona rangi kali na macho makubwa, analitupa kwenye folda la KATUNI. Hajaliangalia na hana muda wa kuliangalia, mezani kuna flashi tano zinasubiri. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka mzee mmoja aliponirudishia flashi huku ameshika fimbo yake ya kuchungia ng'ombe. Siku ile nikafungua mafolda mawili, KATUNI WATOTO na KATUNI WAKUBWA, nikakaa mpaka saa nane usiku nakagua faili moja moja. Niliyoyahamisha yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani.

#4 Sangara Mzee
Hela. Hakuna lingine. Mtoto hana pochi, mwenye pochi ni mkubwa. Uzi ufungwe.

#5 Ticha wa Bwiru
Sangara Mzee usifunge mapema, jambo hili lina historia ndefu.

Disney ilianzishwa 1923 na ndugu wawili, Walt na Roy. Walt alifariki 1966, na miaka iliyofuata kampuni ikajikuta pabaya: kijana wa miaka 15 akiona jina Disney kwenye bango anapita, anaona ni mambo ya wadogo zake. Mwaka 1979 wakatoa The Black Hole, filamu yao ya kwanza kupewa alama ya PG, yaani mtoto aongozwe na mzazi, badala ya G, ya watu wa umri wote. Haikusaidia sana. Mwaka 1984 wakafungua jina jingine kabisa, Touchstone, ili watoe filamu za wakubwa bila ngome kuonekana popote. Ya kwanza ilikuwa Splash, kijana anampenda nguva. Mwaka 1990 wakatoa Pretty Woman, habari ya kahaba na tajiri, filamu yao ya kwanza yenye alama ya R. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani.

Kwa hiyo shemeji yetu hajakosea, ila jambo lenyewe lina miaka 40. Tofauti ni kwamba zamani waliweka mlango wa pembeni. Anayetaka ya wakubwa alipita mlango ule, na mtoto wala hakujua kwamba nyumba ni moja.

#6 Deki na Spiriti
Ticha, nakuheshimu ila hapo rekebisha. Ya kwanza yenye R haikuwa Pretty Woman. Ni Down and Out in Beverly Hills, 1986, chini ya Touchstone hiyo hiyo.

Miaka ya 90 nilikuwa na maktaba ya kanda Kirumba. Asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kufuta kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, kisha kupanga kanda: za mapigano chini, za Kihindi katikati, za watoto juu. Pretty Woman ilikuwepo, kanda yenyewe imechakaa mpaka picha inatetemeka kila ikifika katikati, na watu hawakuacha kuiazima. Mwanzoni inaonekana duara la bluu limepigwa mstari kama wa radi. Mimi nilijua hiyo ni kampuni yake na ile yenye ngome ni ya kwake. Nimekodisha kanda miaka sita bila kujua kwamba hela zote zinaingia mfuko mmoja. Nilikuja kujua baadaye sana nikisoma kwenye simu, na nikakasirika kidogo, kama mtu aliyegundua kwamba maduka mawili anayoyashindanisha bei ni ya mwenyewe mmoja.

Lakini mpangilio ule ulinisaidia. Mtoto akitumwa na mama yake kuchukua "kanda ya ngome" nilimpa bila kufikiri mara mbili.

#7 dagaa_mchele
Kwa hiyo huyo nguva wa 1984 alikuwa amevaa nini? Nauliza kwa nia njema.

#8 Ticha wa Bwiru
Deki na Spiriti, asante, nimekubali. 1986.

Dagaa, hakuvaa kitu, alikuwa na nywele ndefu tu. Mwaka 2020 filamu ile ilipowekwa Disney+, huduma yao ya intaneti, watu waligundua nywele zimerefushwa kwa kompyuta ili zifunike makalio pale anapokimbilia baharini. Watazamaji waliona haraka kwa sababu zile nywele mpya zilikuwa kama kipande cha manyoya kilichobandikwa. Kwangu mimi hilo linaonyesha tatizo lilipo. Filamu ilitengenezewa mlango wa pembeni, miaka 36 baadaye wanaipitisha mlango wa mbele, inabidi waivishe nguo.

#9 Mlinzi wa Boma
Mnazunguka tu. Huu ni mpango. Kwanza wanamzoesha mtoto katuni, anaipenda nembo, akishaizoea wanaanza kumpenyezea mengine taratibu. Lengo ni kuharibu kizazi. Sisi tunaletewa ya kuletewa na tunalipia wenyewe. Hata hizo nywele ni danganya toto.

#10 Bukoba Kwetu
Mlinzi wa Boma, mtu mwenye mpango wa siri haandiki R kwenye bango. Mimi naona sababu ni ya kihasibu, na ni kavu kabisa.

Machi 2019 Disney walikamilisha kuinunua 21st Century Fox kwa dola bilioni 71.3. Fox haikuwa kampuni ya watoto. Ndani yake kulikuwa na filamu za wakubwa kama Alien, Predator, Deadpool, na The Simpsons, katuni iliyotengenezwa kwa ajili ya wakubwa tangu mwanzo. Sasa ninyi wa Mwanza mnaelewa uvuvi. Ukinunua mtumbwi wa mwenzio na nyavu zikiwa majini, kilichonaswa ni chako, awe sato au kamongo. Hawakuamka siku moja wakasema tuanze filamu za damu. Walinunua nyavu zikiwa na samaki ndani.

Na hata hiyo si mara ya kwanza. 1993 waliinunua Miramax, mwaka uliofuata Miramax ikatoa Pulp Fiction iliyochukua tuzo kuu ya Cannes, tamasha la filamu la kule Ufaransa. Filamu ya wauaji na dawa za kulevya, mwenye kampuni ni Disney. Lakini walikuwa na mpaka: mwaka 1995 Miramax walikuwa na filamu iitwayo Kids, kali mno kwa sera za Disney, ikabidi wakubwa wa Miramax wafungue kampuni nyingine kabisa kwa ajili ya kuitoa hiyo moja. Miramax yenyewe wakaja kuiuza 2010.

#11 Sangara Mzee
Nshomile kaja na daftari la hesabu, jamani mpisheni akae. Lakini bilioni 71 hizo zinarudi palepale kwenye #4. Hela.

#12 Deki na Spiriti
Bukoba Kwetu, mfano wa nyavu ni mzuri ila haufiki mwisho. Deadpool mbili za mwanzo zilikuwa za Fox, sawa, hizo walizikuta. Ya 2024, Deadpool & Wolverine, wameitengeneza wenyewe kupitia Marvel Studios, kampuni yao ya filamu za mashujaa, ikiwa na R. Ndiyo filamu ya kwanza ya Marvel Studios kuwa na alama hiyo na imeingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Huyo kamongo wamemfuga, hawakumkuta wavuni.

#13 Kijana wa Pasiansi
Mmesahau ile ya Pooh, yule dubu wa asali! Disney wamemfanya muuaji anachinja watu kwa panga. Nimeiona trela yake, sikulala vizuri. Yule dubu alikuwa kwenye begi langu la chekechea.

#14 Ticha wa Bwiru
Hapana kijana, hiyo usiwabebeshe Disney. Kitabu cha kwanza cha Winnie-the-Pooh ni cha 1926, na Januari 2022 hakimiliki yake ikaisha Marekani. Kuanzia hapo mtu yeyote akaruhusiwa kumtumia yule dubu wa kitabuni. Kampuni ndogo ya Uingereza ikawahi, ikatoa ile ya kutisha 2023. Disney hawakuhusika. Panya wao Mickey wa katuni ya Steamboat Willie, yule wa mwaka 1928, naye alifika huko Januari 2024, na filamu za kutisha juu yake zikatangazwa mara moja.

Kwa hiyo kuna aina mbili zinachanganywa humu: kampuni ya watoto inayotoa ya wakubwa, na mtu baki anayemchukua mhusika wa watoto. Begi lako la chekechea limeangukia aina ya pili.

#15 MawePacha
Asanteni wote, nimejifunza. Lakini naomba nirudishe mjadala nyumbani kwangu.

Mimi si msomi wa filamu. Nafua, napika, nina genge. Sina saa mbili za kukaa na kila katuni kabla watoto hawajaiona. Ndiyo maana nilishika nembo. Nembo ilikuwa inanifanyia kazi ya kuangalia. Ticha amesema zamani kulikuwa na mlango wa pembeni, na Deki na Spiriti anakumbuka kumpa mtoto kanda ya ngome bila kufikiri. Basi hicho ndicho kilichoniuma. Wao wameunganisha milango, hakuna aliyekuja Nyakato kuniambia. Wana haki ya kufanya biashara na wakubwa, sikatai. Ila ile imani niliyowapa ilikuwa na thamani, na walijua ina thamani, ndiyo maana 1984 waliogopa kuigusa.

#16 Mjukuu wa Magu
Mwadila wanawane.

Mimi nitapingana na dada kwa heshima. Tangu lini hadithi za watoto zikawa salama? Bibi yangu Magu alinisimulia habari za Shing'weng'we nikiwa na miaka mitano. Dubwana linameza watu, ng'ombe, kijiji kizima, anabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Anazaliwa Masala Kulangwa, anakua, analisaka dubwana, analiua, analipasua tumbo na watu wanatoka. Kila Msukuma humu kalala nayo hiyo. Nilikuwa naogopa kwenda chooni usiku, lakini kesho yake naomba bibi airudie.

Na hao Disney wenyewe, Snow White ya 1937, malkia anaagiza binti auawe na moyo wake uletwe kwenye kisanduku. Uingereza walipoipokea 1938 waliipa alama ya A, mtoto aende na mkubwa. Sasa hiyo ndiyo tunaita katuni ya watoto ya zamani, safi? Mpaka kati ya mtoto na mkubwa haujawahi kuwa pale tunapodhani.

#17 MawePacha
Mjukuu wa Magu, Shing'weng'we hata mimi nilisimuliwa. Ila bibi alikuwepo. Nikishtuka alinivuta kwenye kanga yake. Akiona wadogo wanalia aliruka sehemu ya kupasua tumbo, au alimfanya dubwana achekeshe. Flashi hairuki kitu. Tena Shing'weng'we anameza watu, hafanyi yale ya soseji.

#18 dagaa_mchele
#17 umemaliza. Nimesogea siti ya mbele.

#19 Nyegezi Hosteli
Jamani, naomba nami niseme kama mtu mzima anayependa katuni, maana humu tunaonekana kama watoto waliochelewa kukua. Katuni ni namna ya kutengeneza filamu. Haisemi ni ya umri gani, kama kitabu kisivyosema. Marekani 1972 walitoa Fritz the Cat, katuni ya paka, ikapewa X kabisa, alama ya wakubwa pekee.

Na nina mfano mzito zaidi. Japani kuna Studio Ghibli. Aprili 1988 walitoa filamu mbili siku moja, kwenye tiketi moja. Ya kwanza My Neighbor Totoro, dubwana mpole wa msituni na mabinti wawili, hata wa miaka 3 anaitazama. Ya pili Grave of the Fireflies, kaka na mdogo wake wa kike wakati wa vita, mabomu yanaunguza mji wao, njaa inawamaliza. Niliitazama hosteli mwaka wa kwanza, kwenye kompyuta ya rafiki, tumebanana watu watano juu ya kitanda kimoja. Kuna kopo la pipi. Pipi zikiisha kaka anatia maji kopo lile ili mdogo wake anywe utamu uliobaki. Hakuna aliyeongea. Rafiki yangu mmoja, jitu kubwa la mpira wa kikapu, alitoka nje na hakurudi mpaka ilipoisha.

Studio ile ile, nembo moja, siku moja. Hawakubadilisha jina wala hawakununua Fox. Waliamini mtazamaji anaweza kubeba vyote viwili. Kwa hiyo Sangara Mzee, siyo kila mara hela.

#20 Sangara Mzee
Hilo kopo la pipi limenigusa, sitabisha leo. Lakini tiketi moja kwa filamu mbili hizo, mzazi wa Kijapani aliyeingia na mtoto wa miaka 4 alitokaje mle ndani?

#21 Kamanga Feri
Wengi mmezungumzia wanaotengeneza. Mimi nazungumzia wanaotuonyesha.

Mwezi uliopita nilipanda basi kutoka Mwanza kwenda Dar na mwanangu wa miaka 7. Basi silitaji. Saa tatu asubuhi, hata Shinyanga hatujafika, wakaweka filamu ya mashujaa wenye mavazi ya kubana. Nikajua ni zile za kawaida. Dakika kumi mtu anakatwa shingo, damu imejaa skrini, matusi hayana idadi. Tena ilikuwa imetafsiriwa, kwa hiyo mtoto anaelewa kila tusi kwa Kiswahili fasaha. Nikamwita kondakta, nikamwomba kwa adabu. Akaniambia, "Mama, hii ni ya Marvel, hata watoto wanaipenda, ona mabegi yao ya shule." Na kweli, begi la mwanangu lilikuwa na picha ya shujaa mle mle pajani kwangu. Nikakosa jibu. Tulifunika uso kwa kitenge mpaka Tinde.

Hapo ndipo nilipoelewa anachosema mleta mada. Begi linauzwa kwa mtoto wa miaka 7, filamu inauzwa kwa mtu wa miaka 17 na kuendelea, sura ni moja.

#22 Bukoba Kwetu
Kamanga Feri, pole. Kondakta alikosea ila kosa lake linaeleweka, na hapo ndipo hesabu zangu za #10 zinapungukiwa. Nakubali.

#23 Karani Mstaafu
Kisheria kidogo. Tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976, na ipo Bodi ya Filamu yenye kazi ya kukagua na kupanga filamu kwa umri. Kwa hiyo utaratibu upo tangu enzi za Mwalimu. Lakini ulitungwa wakati filamu inakuja kwenye makopo ya chuma, inapita ofisini, inakwenda ukumbini. Faili linalotoka kwenye intaneti usiku kwenda kwenye flashi ya Fundi halipiti meza ya mtu yeyote. Kibanda cha muvi ndicho bodi yetu ya kila siku, na kijana wa pale ndiye mkaguzi, tupende tusipende.

#24 Mlinzi wa Boma
Ndiyo nilichosema #9. Mlango uko wazi na hakuna mlinzi. Mnaita hesabu, mnaita sanaa, mtoto wa Kamanga Feri amefunikwa kitenge. Mimi nabaki na msimamo wangu.

#25 Ticha wa Bwiru
Naongeza jambo moja ambalo halijaguswa, nalo ni hizi alama zenyewe.

Marekani walianza mfumo wa herufi 1968. Hadi 1984 kati ya PG na R hapakuwa na kitu. Mwaka huo filamu mbili, ya pili ya Indiana Jones na Gremlins, zilipita kama PG na wazazi wakalalamika: kwenye moja mtu anang'olewa moyo kifuani. Ndipo ikazaliwa PG-13, yaani mzazi awe mwangalifu zaidi kwa mtoto wa chini ya miaka 13. Ilikusudiwa kuwalinda wadogo. Lakini angalieni ilivyofanya kazi. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiona 13 anajiona kakua, anaitaka. Akiona G anaona aibu mbele ya wenzake. Alama ya kuzuia ikawa tangazo. Mwaka 2003 Disney wakatoa Pirates of the Caribbean, ya kwanza yenye PG-13 chini ya jina lao kamili na ngome yao, bila kujificha nyuma ya Touchstone. Kwangu mimi mlango ulifunguliwa siku hiyo, kabla ya Fox kwa miaka 16.

#26 Mama Kubwa wa Buhongwa
Ticha unaeleza vizuri, ila umewasahau wanunuzi. Mimi nina miaka 38. Nilimwona yule simba wa 1994 kwenye TV ya jirani, tumejazana dirishani mpaka tukabomoa kitasa. Leo nina mshahara wangu na bado napenda kukaa na kitu chenye sura ninayoijua. Nimekua, sasa nataka hadithi iliyokua pamoja nami. Kampuni imetufuata sisi, haikumfuata mtoto wa MawePacha. Bahati mbaya ni kwamba mimi na huyo mtoto tunatumia TV moja na rimoti moja.

#27 dagaa_mchele
Sato kilo ni shilingi ngapi sasa hivi Kirumba? Nimeona mleta mada anakaanga nikapata njaa tangu #1.

#28 Sangara Mzee
Dagaa nenda mwaloni alfajiri ukaulize mwenyewe, usituharibie uzi.

#29 Fundi Flashi
Nirudi kwenye swali la mwisho la #1, alama ipi. Nawapa ninayotumia mimi kibandani, si ya kitaalamu.

Nembo nimeacha kuitazama. Naandika jina la filamu kwenye simu, natafuta herufi zake za umri. G au PG naiweka folda la watoto. PG-13 naiweka peke yake na namwambia mzazi atazame kwanza. R haikai karibu na katuni hata kama ina sungura kwenye bango. Ikiwa imetafsiriwa, nasikiliza dakika tano za katikati, maana kuna watafsiri wanachukua filamu ya G wanaitia maneno yao wenyewe, na hizo herufi za Marekani hazimjui mtafsiri wetu. Kwenye king'amuzi nako kuna sehemu ya kuweka namba ya siri kwa vipindi vya wakubwa. Wengi hawajawahi kuifungua.

Inachukua muda. Kuna wateja wameondoka kwa sababu nachelewa.

#30 Mjukuu wa Magu
Fundi, katuni inayotisha lakini ina PG, mfano mzazi anakufa, unaipeleka wapi?

#31 Fundi Flashi
Folda la watoto. Hapo namwachia bibi.

#32 MawePacha
Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Sangara Mzee, Bukoba Kwetu na Ticha mnanivuta kila mmoja upande wake, na Mama Kubwa amenigusa kwa ile rimoti moja.

Taarifa ya nyumbani: jana nilirudi kwa yule kijana. Sikufoka. Nilimwonyesha dakika moja tu ya faili lile, akafunika mdomo, akanirudishia hela yote nikachukua nusu. Alisema ana mdogo wake wa miaka 8 na faili hilo liko kwenye simu ya nyumbani. Akafunga kibanda saa hiyo hiyo akaondoka mbio.

Mkubwa wangu naye kaniuliza kwa nini nilizima. Nikamwambia ile ilikuwa ya wakubwa. Akasema, "Lakini ni katuni." Tumeanzia hapo, bado tunaongea.

Fundi Flashi, uko Igoma upande gani? Alhamisi nakuja na flashi na kigoda changu.

#33 Fundi Flashi
Shuka stendi, fuata barabara ya sokoni, utaona kibanda cha bluu kimeandikwa MUVI NA NYIMBO, mbele kuna mama anauza maandazi. Njoo kabla ya saa tisa. Jioni flashi zinakuwa nyingi sitakuwa na muda wa kukufungulia moja moja.

#34 dagaa_mchele
Maandazi bei gani?